Mafuta ya nazi: Paka ngozi, kanda misuli, lakini tumbo liache

NYANYA mmoja kutoka upande wa Lokiriama alinijia kliniki mjini Lodwar akiwa amemshika mjukuu wake mkono. Mtoto alikuwa wa miaka sita hivi, mchangamfu, ngozi yake iking'aa kama ya bwana harusi. Nyanya alikuwa na kichupa cha plastiki kilichobakia mafuta ya vidole viwili. Mwanawe, ambaye ni utingo wa lori, alikuwa amemnunulia mafuta hayo ya nazi sokoni akamwambia kwamba ni mazuri kwa ngozi na kwa kukandia.

"Daktari," alisema kupitia kwa muuguzi aliyekuwa akitutafsiria, "ngozi imepona. Ule ukavu wa kuchanikachanika umekwisha. Lakini tumbo ninalikanda kila jioni tangu mvua zilipokatika, na halishuki."

Nikamlaza mtoto kitandani. Chini ya mbavu za upande wa kulia kulikuwa na uvimbe wa mviringo, mgumu kiasi, usiomuuma hata nilipoubonyeza kidogo.

"Nyanya, unapomkanda unatumia nguvu?"

"Nguvu, mwanangu. Uvimbe hautoki kwa kubembelezwa."

Picha ya ultrasaundi ilionyesha kifuko cha maji ndani ya ini, kikubwa kuliko chungwa. Ule ulikuwa ugonjwa wa haidatidi, ambao Turkana inaufahamu kuliko karibu sehemu nyingine yoyote duniani. Nitamrudia mtoto huyu baadaye. Kwanza nataka tuzungumze juu ya kile kichupa, kwa sababu nyanya alikuwa sahihi kwa nusu nzima ya jambo lake, na nusu hiyo ina manufaa kwa wasomaji wengi.

Mafuta yaliyotoka mbali

Mnazi hauoti Turkana. Mara kwa mara naulizwa iwapo hatuwezi kukamua mafuta kutoka kwa ile mikoma iliyosimama kando ya mto Turkwel, ambayo wenyeji huiita eng'ol, kwa kuwa nayo ni jamii ya minazi. Haiwezekani. Tunda la mkoma lina nyama tamu ya nje ambayo watoto huitafuna, lakini kokwa yake ni ngumu kama pembe na haina mafuta ya kukamulika. Mkoma utupe makuti ya vikapu na mikeka, na hilo ni jambo kubwa tayari.

Kwa hiyo kila tone la mafuta ya nazi linalopakwa Lodwar au Kakuma limesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilifi, Kwale au Mombasa, au limevuka bahari kutoka Asia. Huko Pwani hakuna siri katika utengenezaji wake. Nazi hukunwa kwa mbuzi, machicha yakakamuliwa tui, tui likabandikwa motoni hadi maji yakauke na mafuta yaelee juu. Wengine huliacha tui lilale usiku kucha ili mafuta yajitenge yenyewe bila moto. Haya ya pili ndiyo hasa yanayouzwa kwa jina la mafuta asilia, au bikira kama wafanyabiashara wapendavyo kuyaita, na huwa na harufu ya nazi. Yale yanayokamuliwa viwandani kutoka kwa mbata, yaani nazi iliyokaushwa, husafishwa kwa joto na dawa hadi yakose rangi na harufu.

Kuna aina ya tatu ambayo imeingia madukani miaka ya karibuni, nayo ndiyo husababisha mkanganyiko. Hayo ni mafuta ya nazi yaliyochujwa kitaalamu yakaondolewa asidi zake ndefu, yakabakizwa zile fupi tu. Matokeo yake ni mafuta mepesi kama maji, yasiyo na harufu, yasiyoganda hata kwenye baridi ya Limuru, na yanayokaa muda mrefu bila kuharibika. Wakandaji wa kwenye mahoteli huyapenda mno. Huyatumia kuwa mafuta ya kuchanganyia: hudondoshea humo matone machache ya mafuta makali ya mimea, kama vile karafuu, mchaichai au mkaratusi, ambayo yakipakwa peke yake huunguza ngozi.

Msomaji aelewe jambo moja hapa. Sifa nyingi unazozisikia kuhusu mafuta ya nazi zinatokana na asidi iitwayo lauriki, ambayo ni karibu nusu ya mafuta yote ya nazi ya kawaida. Katika yale yaliyochujwa, asidi hiyo ndiyo iliyoondolewa. Kwa hiyo yule anayenunua mafuta yaliyochujwa kwa bei ghali akitumaini kuponya ukurutu wa mtoto, amenunua mafuta mazuri ya kukandia misuli na si zaidi ya hapo.

Ngozi ya nchi kavu

Ngozi yetu ya juu imejengwa mithili ya ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta ya mwili ndiyo udongo unaozishikilia. Ukuta huu huzuia maji yasitoke mwilini na vijidudu visiingie. Hewa ikiwa kavu na upepo ukivuma kutwa, ule udongo hupukutika. Ndipo tunapoona ngozi yenye vumbi jeupe, mwasho wa usiku, midomo iliyopasuka na magaga ya miguuni yenye kina cha kuingiza shilingi. Lodwar hupata mvua ambayo kwa miaka mingi haifiki milimita 250 kwa mwaka mzima, na joto la mchana hupita digrii 35 kwa urahisi. Si ajabu basi kwamba ukavu wa ngozi ni miongoni mwa mambo ninayoyaona kila siku.

Wazee wa Turkana walilijua hili kabla ya daktari yeyote kufika. Mafuta ya kondoo na samli yamepakwa mwilini hapa vizazi na vizazi, yakichanganywa na udongo mwekundu kwa urembo. Nilipokuja kufanya kazi huku nilikuwa na kiburi kidogo cha kijana aliyetoka chuoni na niliwakataza akina mama mafuta ya kondoo, kwa kuwa yalikuwa na harufu. Sikuwa na sababu nyingine. Leo sikatazi, mradi yawe yameyeyushwa, yakachujwa na kuwekwa katika chombo safi chenye kifuniko.

Je, mafuta ya nazi yanashinda hayo? Mwaka wa 2004 madaktari wa Ufilipino walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 34 wenye ngozi kavu. Wengine walipaka mafuta ya nazi asilia na wengine mafuta ya madini, yaani ndugu yake vaselini. Ngozi za makundi yote mawili zilipata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana. Nalitaja hili kwanza kwa makusudi. Kwa ukavu wa kawaida, vaselini ya mkebe mdogo inatosha kabisa. Sitaki kusikia kwamba mtu wa Loima ameuza mbuzi ili anunue mafuta ya nazi.

Tofauti huonekana kwa wale wenye ukurutu, hasa ule wa watoto unaoshika mikunjo ya viwiko na magoti. Ngozi ya namna hiyo hukaliwa na bakteria aina ya stafilokokasi, ambao huifanya inyevuke na kuwasha zaidi. Mwaka wa 2008 watafiti hao wa Ufilipino waliwafuatilia watu wazima 52 wenye ukurutu. Waliopaka mafuta ya nazi, 20 kati yao walikuwa na bakteria hao mwanzoni. Mwishoni alibaki mmoja. Waliopaka mafuta ya zeituni, 12 walikuwa nao na 6 wakabaki nao. Mwaka wa 2014 ukafuata utafiti mwingine wa watoto 117 kwa majuma manane, na mafuta ya nazi asilia yakayapita mafuta ya madini. Hizi si tafiti kubwa, wala hazisemi kwamba mafuta yanachukua nafasi ya dawa ya kupaka uliyoandikiwa. Zinatosha kumwambia mama mwenye mtoto wa ukurutu kwamba akiyapata mafuta asilia, asiogope kuyatumia pamoja na dawa.

Namna ya kupaka ni muhimu kuliko chapa ya chupa. Mafuta hayaleti maji ndani ya ngozi. Hufunika tu yale yaliyomo. Kwa hiyo yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, mara tu baada ya kuoga. Na mahali ambapo mtungi wa maji umebebwa kichwani kwa saa mbili, simwambii mtu aoge ili apake mafuta. Kitambaa safi kilicholowanishwa na kukamuliwa, kikapitishwa mikononi, miguuni na usoni, kinatosha. Kisha nusu kijiko cha chai kwa mtoto mdogo, kijiko kimoja au viwili kwa mtu mzima. Mafuta yakichuruzika ni hasara, tena yanavuta vumbi.

Pakeni jioni. Mchana wa Lodwar, mafuta mazito juu ya jasho huziba vinyweleo na kuleta harara, hususan shingoni na kifuani mwa watoto. Vijana wenye chunusi wayaepuke usoni kabisa. Wenye mba kichwani nao wanahitaji hadhari, maana ule ukungu unaosababisha mba hujilisha kwa mafuta ya aina hiyo; wengi huyazidisha wakidhani wanatibu ukavu, kumbe wanaandaa karamu.

Tena mafuta ya nazi hayazuii jua. Kwa mwenye ualbino hili si jambo la urembo. Anahitaji krimu halisi ya kukinga jua, kama vile ile ya Kilisun inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, pamoja na kofia pana na mikono mirefu.

Sokoni Kakuma

Anayependa kujua jinsi watu wanavyopaka mafuta na atembee soko la Kakuma. Tangu kambi ilipofunguliwa mwaka wa 1992, kila taifa lililokimbilia hapa limekuja na chupa yake. Wasudani Kusini wanayo mafuta ya lulu, yanayotokana na mti ambao pia unaota kaskazini mwa Uganda. Wakongomani na Warundi hutafuta mawese na mafuta ya mise. Wasomali wana simsim. Wasudani wa kaskazini wana dilka, ule mchanganyiko wa unga, mafuta na manukato ya moshi ambao husuguliwa mwilini hadi uchafu utoke kwa vipande. Mama mmoja alinieleza utaratibu wake kwa nusu saa nzima na foleni ikaninung'unikia.

Nayaheshimu mafuta hayo yote. Ninachohofia ni vile vichupa visivyo na jina. Mafuta ya nazi safi huganda yakiwa meupe joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Kwa kuwa Lodwar na Kakuma joto haliruhusu kuyaona yakiganda, mchuuzi anaweza kukuuzia mafuta yoyote yaliyotiwa marashi. Mwombe mwenye duka akuwekee kichupa ndani ya friji ya soda kwa saa moja. Yakiganda kama mafuta ya kupikia, hiyo ni dalili njema. Yakibaki maji, ama yamechujwa kwa namna niliyoeleza, na lebo iseme hivyo, ama si ya nazi. Lebo ikitaja Paraffinum liquidum, hayo ni mafuta ya madini. Hayadhuru ngozi, lakini usiyalipie bei ya nazi. Ikitaja Cocos nucifera mwanzoni mwa orodha, hapo umepata ulichotaka.

Hatari kubwa zaidi ni yale yanayoahidi kung'arisha. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni miaka mingi iliyopita, lakini bado vinapenya mipakani, vingine vikiwa na picha ya nazi juu ya kifuniko. Zebaki huharibu figo. Mafuta ya nazi hayabadilishi rangi ya mtu, na yanayobadilisha si mafuta ya nazi.

Naulizwa vilevile kuhusu mafuta ya mgao. Yale mafuta ya kupikia yanayogawiwa wakimbizi huongezwa vitamini, na baadhi ya akina mama huyapaka watoto. Hayana ubaya kwenye ngozi. Lakini baada ya mgao kupunguzwa mwaka wa 2025, kijiko kinachopakwa ni kijiko kilichotoka kwenye sufuria, na mtoto mwenye utapiamlo hupata ngozi kavu inayobambuka kwa sababu ya njaa. Mtoto wa aina hiyo, mwenye miguu iliyovimba na nywele zilizopauka, haponi kwa mafuta ya nje. Apelekwe apimwe mkono na kupewa chakula cha tiba.

Echuchuka, ule mshubiri wa Turkana, watu hupenda kuuchanganya na mafuta ya nazi. Tumieni ule utando mweupe wa ndani pekee. Maji ya manjano yanayotoka mara tu jani linapokatwa yanawasha. Yaacheni yachuruzike yote kwanza.

Kukanda

Kukanda ni kuzuri. Nalisema wazi kwa sababu madaktari wengi hulidharau jambo hili kisha wakaenda wenyewe kukandwa hotelini. Huko Pwani mzazi hukandwa kwa maji moto na mafuta, bibi harusi husuguliwa singo na liwa, na mvuvi aliyeteguka mgongo humtafuta mkandaji kabla ya kumtafuta tabibu. Misuli iliyokaza hulegea, damu huzunguka vyema, na mtu hulala. Kwa mzee wa Lokiriama anayeamka na magoti yaliyokakamaa, au kwa mama aliyebeba maji na kuni kutwa, dakika kumi za mikono yenye mafuta vuguvugu zinaweza kumsaidia kama kidonge, na hazichomi tumbo.

Kazi ya mafuta hapo ni kuifanya mikono iteleze. Yoyote yasiyo na dawa yatafaa, iwe ni nazi, simsim au lulu. Ukitaka kuongeza mafuta makali ya mimea, pima. Kijiko kikubwa kimoja, yaani mililita 15, kipokee matone sita na yasizidi, kwa mtu mzima mwenye ngozi nzima. Mafuta ya karafuu, ambayo wenzetu wa Pemba huyakamua hata kutoka kwa makonyo, ni makali zaidi. Tone moja kwa kijiko hicho linatosha. Paka kidogo kwenye mkono wa ndani, subiri hadi kesho, kisha ndipo uendelee. Watoto chini ya miaka miwili wasiwekewe tone lolote. Mafuta ya mkaratusi na kafuri yakipakwa karibu na pua ya mtoto mdogo yanaweza kumbana pumzi.

Kuna watu wasiokandwa. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu ya ndama, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kukanda kunaweza kuipeleka kwenye mapafu. Kiungo kilichopinda baada ya kuanguka kipelekwe picha ya eksirei kwanza. Mwenye homa apimwe malaria. Na mama mjamzito asikandwe tumbo ili mtoto ageuzwe. Wakunga wa jadi wenye mikono ya dhahabu wapo, nami nimejifunza mengi kwao, lakini nimeona pia kondo la nyuma lililobanduka kabla ya wakati, na katika hali hiyo mama na mtoto huondoka pamoja.

Nina neno moja kwa watu wazima ambalo wagonjwa huona haya kuuliza, kwa hiyo nalisema bila kuulizwa. Mafuta ya nazi, vaselini na mafuta mengine yote huidhoofisha mpira wa kondomu ya kawaida hata ukapasuka. Yasitumike pamoja nayo.

Tumbo la mtoto

Sasa tumrudie mjukuu wa nyanya.

Haidatidi huletwa na mnyoo mdogo anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika manyoya ya mbwa, udongo, maji na vyombo. Mtoto anayecheza na mbwa, au anayekula kwa chombo kilicholambwa na mbwa, huyameza. Yai huanguliwa, likasafiri hadi kwenye ini au mapafu, na pale hujenga kifuko cha maji kinachokua polepole miaka na miaka bila maumivu. Mbwa naye huupata mnyoo kwa kula viungo vya mbuzi na kondoo vyenye vifuko. Katika miaka ya 1980 Turkana ilijulikana kote duniani kwa wingi wa ugonjwa huu, na shirika la AMREF lilizunguka na mashine za ultrasaundi za kubebeka likiwapima watu chini ya miti. Tangu wakati huo kumekuwa na dawa, upasuaji na elimu, na hali imekuwa afadhali. Lakini haujaisha.

Kifuko hicho kimejaa maji yenye vijibegu vya mnyoo. Kikipasuka kwa pigo, kwa kuanguka au kwa mikono yenye nguvu, maji humwagika tumboni. Mwili unaweza kuyakataa kwa ukali kiasi kwamba shinikizo la damu linaporomoka na mtu anafariki kabla ya kupata gari. Asipofariki, kila kijibegu kilichomwagika kinaweza kuota kifuko kipya. Ndiyo maana nilitokwa na jasho nikimsikiliza nyanya akinieleza jinsi alivyokuwa akiukanda uvimbe ule kwa kifundo cha kiganja.

Si haidatidi peke yake. Lokiriama na sehemu nyingine za Loima zina kala-azari, inayoenezwa na usubi wanaojificha kwenye nyufa za udongo na vichuguu. Mgonjwa huwa na homa ya majuma kadhaa, hukonda, huishiwa damu, na bandama yake huvimba upande wa kushoto hadi ipite kitovu. Malaria ya mara kwa mara huvimbisha bandama pia. Bandama iliyovimba ni laini kama papai bivu na imejaa damu; ikipasuliwa kwa kukandwa, damu humwagika ndani mtu akiwa anatazamwa. Kala-azari isiyotibiwa huua karibu kila inayemshika. Kipimo chake ni tone la damu kutoka kidoleni na tiba ipo, ikiwemo katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Lodwar. Na aliyekwisha kutibiwa kala-azari, akiota vipele au mabaka usoni miezi baadaye, asivifunike kwa mafuta. Arudi aonekane, maana ugonjwa unaweza kuwa umehamia kwenye ngozi.

Basi kanuni yangu kwa nyumba za Turkana ni hii: miguu, mgongo, mabega na mikono, kandeni mpendavyo. Tumbo lililovimba, la mtoto au la mtu mzima, msilitie mkono kabla halijapimwa. Hata likiwa halimuumi mwenyewe. Hasa likiwa halimuumi.

Wachanga

Mtoto mchanga aliyezaliwa wakati wake na mwenye afya hahitaji mafuta ili ngozi yake iwe nzima. Akikandwa polepole kwa mikono safi, hilo ni jema kwake na kwa mama yake. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kumkanda mtoto huyo taratibu kunaweza kufikiriwa, lakini halikupendekeza apakwe mafuta kila siku kuwa kinga. Kwa watoto njiti mambo ni tofauti. Ngozi yao ni nyembamba kama karatasi. Katika utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka wa 2005, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi ya damu kwa asilimia 41 chini ya wasiopakwa. Shirika hilo sasa linaruhusu watoto njiti wapakwe mafuta, ila lifanyike kwa ushauri wa wauguzi wa wodi, si kwa kichupa cha sokoni.

Kitovu kisiguswe na mafuta yoyote, ya nazi wala ya kondoo, isipokuwa dawa uliyopewa kliniki. Wala mafuta yasidondoshwe puani au kumiminwa kooni ili kumsafisha mtoto kifua. Mafuta yanayoingia kwenye mapafu hayatoki. Huleta nimonia ya aina yake ambayo hata dawa za bakteria haziiwezi. Madaktari wa India na nchi za Arabuni wameandika mara nyingi juu ya watoto walioumwa hivyo kwa samli na mafuta waliyopewa na bibi zao kwa upendo.

Upele unaowasha usiku na kuwashika watu wote wa nyumba mafuta hayauui, ingawa ngozi itang'aa. Mashilingi ya kichwani hayauliwi pia. Na baka lisilo na hisia, ambalo ukiliguswa kwa unyoya hujui, ni la kupeleka kliniki siku hiyohiyo kwa sababu ya ukoma.

Mjukuu alianzishiwa vidonge vya albendazoli na baadaye akafanyiwa upasuaji. Kovu lake lilifunga vizuri. Nyanya alipomleta kuangaliwa, alileta kichupa kingine, kikiwa kimejaa, akauliza kama ataruhusiwa kupaka juu ya kovu. Nikamwambia aendelee, kwa kidole kimoja, mara mbili kwa siku, maadamu jeraha limekauka kabisa. Akaniuliza kama yatafaa kwa magoti yake pia. Nikamwambia kwa magoti atumie mikono yote miwili, na nguvu kiasi atakavyo.